Taa Iliwaka, Kengele Haikulia

Jumatatu, 4 Machi

Mvua zimeanza. Ukuta wa chumba cha kulala unatoka jasho, na nyuma ya kabati kumeota ukungu wa kijani wenye manyoya kama panya aliyekufa. Nimeukwangua kwa kisu cha siagi, kisha nikakitupa kisu. Mume wangu ameuliza kisu kiko wapi. Nimemwambia kimekufa.

Mama mkwe alifika jana na mabegi mawili na kikohozi. Ana miadi ya macho hospitalini, kwa hiyo atakaa nasi mpaka mvua ziishe. Sisi tunaishi ghorofa ya tisa. Alipanda lifti huku amefumba macho na kumshika mwanawe mkono kama bibi harusi. Mlangoni akanitazama kutoka utosini hadi kwenye kandambili.

"Mke wa mwanangu," akasema, "umekonda, au ndiyo sura yenyewe?"

Jumatano, 6 Machi

Anapenga kamasi kwa vidole na kufutia kwenye pazia. Pazia langu. Nimeona kwa macho yangu mawili.

Alhamisi, 7 Machi

Kikao kazini. Bosi, ambaye sote tunamwita Mheshimiwa kwa kuwa ndivyo anavyopenda, alikuwa anachokonoa meno kwa kona ya kitambulisho chake. Akimaliza jino moja anakitazama kilichotoka, anakirudisha mdomoni, ndipo anaendelea na hotuba. Ametangaza kuwa tumepata hospitali. Wodi mpya, lifti mpya, masanduku yetu. Makabidhiano ni mwisho wa mwezi.

"Na sitaki sanduku hata moja ligande mbele ya wageni," akasema. "Mmesikia? Liwake kama taa."

Ni kweli masanduku yanaganda, na yanagandia mikononi mwangu. Sisi tunatengeneza sanduku linaloongoza lifti. Ndani yake mna chipu, na kazi yangu ni ile programu ndogo inayoamka kwanza umeme ukiingia, kabla mfumo endeshi haujapakiwa pamoja na viendeshi vyake. Ni kama dakika moja hivi. Lakini vifaa havijui kungoja. Mlango, mizani ya sakafuni, vitufe, kila kimoja kikiwa na neno kinatuma kikatizo, yaani kinaishtua chipu: acha unachofanya, nisikilize. Mfumo ukishaamka, kila kifaa kina kiendeshi chake cha kukijibu. Kabla ya hapo hakuna wa kujibu. Kifaa kinaita, chipu inakimbilia huko, haikuti wa kupokea, inarudi, inaitwa tena, inakimbia tena, mwisho inabaki ni mbio tu na mfumo hauamki kabisa.

Msimu wa mvua ndio unaoleta balaa. Umeme unakatika, betri inachelewa kushika, sanduku linazimika na kujiwasha upya, na katika kujiwasha ndipo linapoganda. Hata lisipoganda, lifti iliyosimama kati ya ghorofa haisogei tena mpaka fundi aje.

Nimeomba muda nitenganishe vifaa kimoja kimoja: kipi kinyamazishwe mpaka kiendeshi chake kije, na kipi lazima kisikilizwe tangu mwanzo. Mheshimiwa ameniambia muda huuzwa dukani, niende nikanunue. Watu wamecheka. Aliyecheka kwa sauti kuliko wote ni kijana tunayemwita Mswaki.

Ijumaa, 8 Machi

Soksi mbichi. Ofisi nzima inanuka soksi mbichi.

Jumanne, 12 Machi

Mswaki ni mwenzangu wa meza ya pili. Amepata jina hilo kwa sababu akikutana na mkubwa yeyote meno yote yanatoka nje kuhesabiwa. Kijana nadhifu, shati halina kunyanzi, na kwa muda mrefu nilimheshimu. Nilikuwa namwona kama mtu pekee mle ndani anayenawa mikono akitoka chooni.

Leo ameleta dawa ya kuganda. Ameizindua kwanza kwa Mheshimiwa, ndipo akaja kunionyesha mimi, kama mtu anayekukaribisha kula sahani ambayo ameshailamba.

"Nimefunga vikatizo vyote tangu mwanzo," akasema. "Chipu haisikii kitu mpaka viendeshi viwe tayari. Halafu kabla sijafungua, nafuta vyote vilivyoita wakati tumefunga. Mfumo unaamka hauna kelele hata moja. Tazama."

Akazima, akawasha, akazima, akawasha. Kweli halikuganda.

"Na kengele ya dharura?" nikamuuliza.

"Imo humohumo. Nimesema vyote."

"Kufunga naelewa. Kwa nini unafuta?"

"Nisipofuta, viendeshi vikiamka vinakuta lundo la makelele ya zamani. Ya nini?"

"Ya mtu aliyebonyeza kengele."

"Atabonyeza tena, dada."

Nikasimama nikaenda kuchukua kitufe chenyewe kwenye rafu, nikamwekea mezani. "Hiki kikibonyezwa kinawaka taa. Taa ina waya wake, haiingojei chipu. Inawaka na kubaki inawaka, na juu yake tumeandika MSAADA UNAKUJA. Sasa niambie, kwa nini mtu abonyeze tena? Na mtu anakwama ndani ya lifti lini? Umeme ukikatika. Sanduku linajiwasha upya lini? Umeme ukikatika. Dakika unayoizibia masikio ndiyo hiyohiyo dakika anayoita!"

Mswaki akatabasamu. Nililitazama lile tabasamu kwa karibu kwa mara ya kwanza, na nikaona katikati ya meno yake yale meupe kuna utando wa njano, kama siagi iliyoanza kuvunda. Huenda ulikuwepo siku zote.

"Wewe unawahurumia watu ambao hawajazaliwa," akasema.

Funika kombe mwanaharamu apite. Hiyo ndiyo programu tunayoipeleka hospitalini.

Ijumaa, 15 Machi

Majaribio ya programu ya Mswaki yataanza Jumatatu kwenye lifti ya jengo letu, hili ninaloishi. Mume wangu ni katibu wa kamati ya wapangaji, na ndiye aliyewashawishi. Amekaa mezani amefutuka kama chapati. Nilimweleza tatizo la kengele. Akanijibu huku anatafuna: "Nyie wataalamu mnapenda kuogopeshana." Punje ya wali ikatoka mdomoni mwake ikatua mkononi mwangu. Ikabaki pale, ya moto.

Mama mkwe akadakia: "Mwanangu akisema jambo, amesema."

Jumamosi, 16 Machi

Mama mkwe ameniita: njoo unitilie uzi kwenye sindano. Njoo, redio imehama. Njoo, hivi huyu ni nzi au ni jicho langu? Njoo unikune mgongo, hapana, chini, hapana, ulikuwa pale mwanzo.

Jumatatu, 18 Machi

Mvua. Kikohozi. Mvua.

Jumatano, 20 Machi

Nitaandika yote leo, maana kesho wataanza kuniambia haikuwa hivi.

Mchana kazi ilifungwa kwa sababu maji yaliingia ghala la chini. Nimefika nyumbani alasiri, viatu vimejaa tope. Mlinzi wa jengo alikuwa ameegemeza kiti ukutani, mdomo wazi.

"Lifti vipi?"

"Umeme uliyumba tangu wakati wa chakula cha mchana," akasema, "ikasimama. Nikajua itarudi yenyewe."

"Kengele haikulia?"

"Ingelia ningesikia. Hapa mimi sitoki."

Nikapanda ngazi. Nyumbani hakuna mtu. Redio inaongea peke yake. Miwani ya mama mkwe haipo, mkoba wake haupo, viatu vyake vya kutokea havipo. Nikabisha kwa jirani wa kushoto, hajamwona. Jirani wa kulia, hajamwona. Nikaambiwa labda kaenda kwa mtu. Kwa mtu gani? Hamjui mtu yeyote katika mji huu zaidi ya sisi na daktari wa macho.

Nikashuka tena, ghorofa baada ya ghorofa, nikiita. Nilipofika kati ya ghorofa ya tano na ya nne nikasikia kikohozi. Kile kile kinachonikata hamu ya chakula kila siku, chenye mkwaruzo mwishoni kama kiti kinachoburuzwa. Kilitoka ndani ya ukuta.

Nikakimbilia ya nne, nikaweka mdomo kwenye ufa wa mlango wa lifti. "Mama!"

"Nani?"

"Ni mimi!"

"Mimi nani?"

"Mke wa mwanao!"

"Wamekutuma wewe? Mbona nilishawaita mafundi. Taa imewaka."

Nikampigia simu fundi wa lifti, bahati nzuri alikuwa mtaa wa pili. Alipofungua mlango wa ghorofa ya nne, sakafu ya lifti ilikuwa imening'inia usawa wa kifua chetu. Harufu ikatangulia kutoka. Nilijua ni harufu ya nini, na fundi alijua, akageuza uso, Mungu ambariki.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kona. Viatu amevivua na kuvipanga pamoja, vimetazama mlango. Mkoba mapajani. Sakafu chini yake imelowa, na amejaribu kuipangusa kwa kitambaa chake cha kichwa, kikashindwa. Nywele zake sijawahi kuziona. Ni chache, nyeupe, kama za mtoto mchanga.

"Mwambie mwanaume huyo asiingie," akasema.

Nikavua koti langu la mvua, nikakwea ndani kwa kiwiko na goti, nikamfunga nalo kiunoni. Fundi akampokea akiwa ametazama juu, kama mtu anayesoma dari. Tukapanda ngazi zilizobaki pole pole, tukipumzika kila penye kona, na yeye njia nzima ananiambia niangalie nisipige magoti.

Nimemwogesha. Hajanipinga. Nilidhani nitasikia kinyaa, mimi ninayetupa kisu kwa sababu ya ukungu. Nilingoja kinyaa kije, hakikuja. Mgongo wake ni mwembamba kama wa ndege, na una kovu la kuungua ambalo mume wangu hajawahi kunitajia. Sidhani kama analijua.

"Kwa nini hukubonyeza tena, mama? Kwa nini hukupiga kelele?"

"Nilibonyeza. Taa ikawaka. Nikasogeza jicho zima nikasoma: msaada unakuja. Basi nikajua wamenisikia. Mtu akishakusikia, ukizidi kumpigia kelele ni kumdharau."

"Saa zote hizo?"

"Nikajua wana kazi nyingi. Mvua hizi."

"Mama, mbona mimi unaniita kutwa? Nikiwa jikoni, nikiwa chooni?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza maji ni nini. "Wewe si wa nyumbani?"

Nikammwagia maji kichwani ili asinione uso.

Baadaye nikamuuliza alikuwa anakwenda wapi na macho yale. Akasema alikuwa anakwenda kununua sabuni. "Pazia lako lile chafu, mke wa mwanangu. Sikutaka kusema. Linanitia kinyaa."

Mume wangu akarudi jioni. Nikamweleza. Akamwangalia mama yake amelala, akashusha pumzi, nikangoja neno litakalotoka. Likatoka hili: "Sasa wapangaji wakisikia, mimi nitawaambia nini?"

Alhamisi, 21 Machi

Niliingia kwa Mheshimiwa bila kubisha. Alikuwa anakula mayai ya kuchemsha, maganda yametawanyika juu ya michoro yangu. Mswaki alikuwepo, amekaa kwenye mkono wa kiti.

Sikusimulia kwanza. Niliweka sanduku na kitufe mezani, nikakata umeme, nikarudisha, nikabonyeza kitufe. Taa ikawaka. Tukangoja sanduku liamke. Likaamka vizuri kabisa. Kengele kimya. Taa bado inawaka, MSAADA UNAKUJA, juu ya maganda ya mayai.

"Limeganda?" Mheshimiwa akauliza.

"Halikuganda."

"Sasa tatizo?"

Ndipo nikasimulia ya jana. Nilisema yote isipokuwa sakafu iliyolowa. Hilo si lao.

Mheshimiwa akameza. "Pole sana. Mpe salamu. Lakini mama mkwe ni mtu mzima, na mtu mzima anaweza kukwama hata kwenye kochi." Mswaki akacheka, akajipiga paja. Mheshimiwa akapata moyo: "Tena wengine wangemshukuru Mswaki. Mchana mzima bila mama mkwe nyumbani!"

Wakacheka wote wawili. Kipande cha kiini cha yai kikaruka kikanata kwenye kioo cha sanduku.

Nikawaambia dawa ipo na ninaweza kuiandika. Vifaa vingine vyote vinyamazishwe, hapo Mswaki hakukosea. Lakini laini ya kengele iachwe wazi tangu chipu inapopata uhai. Programu ya mwanzo iipokee yenyewe, ipige mlio hapohapo, iweke alama kwenye kumbukumbu, na kiendeshi kikiamka kikabidhiwe ile alama: kuna mtu aliita, mjibu. Kisifutwe kitu.

"Baada ya makabidhiano," Mheshimiwa akasema. "Ukigusa sasa likaganda mbele ya wageni, nani atabeba aibu? Tutawapelekea marekebisho polepole."

"Na wagonjwa?"

"Polepole," akarudia, na kunyoosha mkono kuchukua yai jingine.

Nilikwenda chooni nikatapika. Sikuwa nimekula kitu.

Ijumaa, 22 Machi

Mume wangu ameniomba nisilikuze jambo. Ameniomba kwa sauti tamu, ananisugua bega. Anasema mama hajaumia, kampuni ni yetu sote, na yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu kuisifia lifti. Nikamwambia atoe mkono. Akauliza nina nini. Nikamwambia mama yako alijikojolea ndani ya lifti uliyoisifia, akapangusa kwa kitambaa cha kichwa chake. Akasema, "Usiseme hivyo." Nikasema, "Nisiseme, au isiwe?"

Amelala sebuleni.

Jumapili, 24 Machi

Nimefua pazia. Mama mkwe alishika ncha moja tukalikamua pamoja. Ana nguvu za mikono kunizidi. Amepenga kamasi, akatazama pazia, akanitazama, akaenda kutafuta karatasi.

Jumanne, 26 Machi

Nimeiandika dawa. Sikujificha, nimeiandika mezani kwangu, mchana kweupe, na nimemtumia Mheshimiwa, nakala kwa Mswaki. Nimejaribu kuzima na kuwasha mpaka kidole kimeota lengelenge. Haigandi. Kengele inalia tangu mwanzo.

Hakuna aliyejibu. Mswaki alipita nyuma yangu akinuka manukato, akasema, "Una bidii, dada." Ngozi ya shingo ikanisisimka kama nimetambaliwa na konokono.

Mwanzoni mwa mwezi nilidhani ni mtu mzuri mwenye uoga. Uoga hana. Amekaa akapima, akaona aliye ndani ya lifti hawezi kumpandisha cheo.

Alhamisi, 28 Machi

Makabidhiano.

Mvua ya mawe asubuhi. Tulikusanyika wodi mpya, mbele ya lifti ya kubebea wagonjwa, pana kama chumba. Mheshimiwa amevaa viatu vipya vinavyolia. Upande wa hospitali alikuja mhandisi wao, mama mmoja mwembamba asiyecheka, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Mpango wa Mheshimiwa ulikuwa lifti iende tupu, umeme ukatwe ikiwa njiani, wageni waone kwenye skrini sanduku linavyojiwasha bila kuganda. Makofi, picha, soda.

Mhandisi akauliza, "Kwa nini iende tupu?"

"Ni utaratibu tu, mama. Usalama."

"Hospitali haibebi hewa," mhandisi akasema. "Nitapanda."

Nikasema, "Na mimi."

Mheshimiwa akanitolea jicho. Lakini hawezi kubaki chini mteja akipanda. Akaingia. Mswaki alibaki kwenye skrini na wageni wengine.

Sikumtega Mheshimiwa. Naliandika hili kwa sababu amenishtaki kuwa nilimtega. Nilimwonyesha mezani, nikamwambia kwa mdomo, nikamwandikia. Mtu anayeonyeshwa shimo na kuingia kwa viatu vipya hajategwa.

Tukapanda. Umeme ukakatwa. Lifti ikatikisika ikasimama, ikabaki taa ndogo ya betri. Mle ndani kukawa na joto ghafla, na manukato ya Mheshimiwa yakachanganyika na vitunguu alivyokula.

"Mheshimiwa," nikasema, "bonyeza kengele."

Akanitazama. Mhandisi naye akamtazama. Akabonyeza. Taa ikawaka.

"Unaona?" akamwambia mhandisi. "Msaada unakuja."

Tukangoja. Juu yetu feni ya sanduku ikaanza kuvuma. Mfumo ulikuwa unaamka. Kisha kutoka chini, kupitia shimo la lifti, tukasikia makofi na sauti ya Mswaki: "Limeamka! Halikuganda!" Vifijo.

"Kengele hii inalia wapi?" mhandisi akauliza.

"Mapokezi."

"Mbona mapokezi hawasemi kitu?"

Mheshimiwa akanyoosha kidole kubonyeza tena. Mhandisi akamkamata kifundo cha mkono, taratibu, kama anayempima mapigo.

"Usiguse. Taa inasema wanakuja. Mgonjwa wangu amelala chali, amefungwa bomba la dripu, muuguzi wake amezimia kwa woga. Kabonyeza mara moja. Tukae kama yeye."

Tukakaa kama yeye. Mimi niliketi sakafuni. Sijui ulipita muda gani, lakini uliwatosha waliokuwa chini kufungua soda, tulisikia chupa. Mheshimiwa alilegeza tai, akafungua kifungo, kisha cha pili. Jasho likamchuruzika masikioni. Akaanza kupumua kwa mdomo, akagonga mlango kwa kiganja, akagonga kwa ngumi, akaita "Fungueni!" na sauti ikapanda ikawa nyembamba. Chini walidhani ni shangwe, wakampigia makofi. Ndipo akainama, akatapika juu ya viatu vyake.

Mhandisi akahamisha miguu yake. "Nani anajua kwa nini kengele haijalia?" akauliza.

"Mimi," nikasema, na nikamweleza yote tukiwa tumeziba pua.

Tulipofunguliwa hatimaye, Mheshimiwa alitangulia kutoka. Mswaki alimkimbilia na soda mkononi, meno yote nje, akakanyaga matapishi yaliyoburuzwa na viatu. Mhandisi aliandika maneno machache: hatupokei mpaka kengele isikie tangu mwanzo.

Jumanne, 2 Aprili

Kikao. Mheshimiwa amesimama mbele yetu sote na kusema kwamba katika ukaguzi wake mwenyewe, kwa kuhatarisha afya yake, amegundua kasoro katika kengele. Akaamuru programu yangu ipakiwe kwenye masanduku yote, akaiita "maelekezo yangu." Kisha akamtangaza Mswaki kuwa mkuu wa kitengo kipya cha usalama wa abiria. Watu wakapiga makofi. Nilitazama viganja vikikutana, vyenye unyevu, na nikafikiria ukungu nyuma ya kabati, unavyostawi mahali ambapo hakuna anayesogeza samani.

Niliomba mambo mawili: jengo letu liwe la kwanza kupakiwa, na baada ya hospitali niachwe niondoke. La kwanza alikubali. La pili alikubali kwa haraka kidogo.

Jumatano, 3 Aprili

Nimemwambia mume wangu nimeacha kazi. Akakaa chini. Kabla hajafungua mdomo mama mkwe akasema kutoka kwenye kochi: "Mwanangu, nyamaza kwanza." Sijawahi kumsikia akimwambia hivyo. Naye pia hajawahi.

Kisha mume wangu akaniuliza, kwa shida, kama ni kweli kuhusu kitambaa. Nikasema muulize mwenyewe. Hajamuuliza. Lakini jioni hii amewakusanya wapangaji akawaeleza kuwa alikosea kuisifia lifti, na mama yake alikwama ndani. Aliporudi shati lilikuwa limelowa. Nimemwonea huruma, ila bado nina kichefuchefu kidogo. Vyote viwili vinaweza kukaa chumba kimoja.

Jumanne, 9 Aprili

Mvua zinakwisha. Leo tumemaliza hospitalini. Mheshimiwa hakuja; anasema lifti zinampandisha shinikizo la damu. Tulikuwa mimi, fundi na mhandisi wao. Mhandisi alitaka kupanda, nikamwomba hii niende peke yangu.

Fundi alikata umeme nikiwa kati ya ghorofa mbili. Giza, mtikisiko, taa ndogo. Nilibonyeza kengele papo hapo, kabla feni haijaanza, sanduku bado halijui hata jina lake. Mlio ukalia juu ya kichwa changu, mkali, mbaya, unaokera. Uliendelea kulia wakati mfumo unaamka. Kisha ukakata, kikwaruzo cha kipaza sauti kikasikika, na sauti ya mwanamke nisiyemjua ikaingia mle ndani.

"Mapokezi hapa. Nimekusikia. Umekwama?"

"Hapana," nikasema. "Najaribu tu."

"Mbona unalia sasa?"

"Ni mafua," nikamwambia. "Mvua hizi."